Tairi Nne za Theluji na Joto la Jeddah

Malaz, Riyadh

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaniuliza hali, jua kwanza kwamba hii ni barua ya dereva hodari kuliko wote Saudia nzima. Si utani. Ngamia wakiliona gari letu huambizana, "Pisheni, ni Sule wa Mariakani huyo." Na ni mimi yuleyule ambaye mwalimu wa kidato cha pili alisema kichwa changu kinafaa kubebea ndoo.

Haya, mguu wako waendeleaje? Ile dawa ya kuchua waitumia, au umeshaigawia majirani kama kawaida yako? Na Rukia, ameanza kuandika jina lake, au herufi bado zinalala chali? Mimi mzima. Nimenenepa kwa wali wa nyumba hii, hata mkanda umehama tundu.

Najua unachokitaka. Unataka habari za Dada Mejumaa. Kila simu wimbo wako ni mmoja: "Sule, mwone dadako kwa macho yako, usiniletee habari za kusikia." Kwenye simu nilikujibu kwa mkato, kwa sababu sauti yangu unaijua. Ndiyo maana nimeandika, na Mzee Bakari anayerudi likizo atakuletea. Lakini nivumilie, lazima nianze na tairi. Bila tairi hutaelewa.

Bosi wangu, Abu Fahad, aliamua kuwapeleka watoto wakaone theluji. Usicheke, huku theluji ipo, juu ya milima ya Tabuk kaskazini kabisa, baridi ikikaza. Kisha wateremke hadi Jeddah kwa bibi yao, ambako hata wakati wa baridi mtu hutoka jasho akiwa amekaa tu. Na tairi za gari zilikuwa vipara. Akaniambia, "Suleiman, nataka tairi ya kila msimu. Ishike kwenye theluji, isiteleze mvua ikinyesha Riyadh, isiyeyuke Jeddah. Seti mbili mafi." Mafi ni hakuna, na akisema mafi ni mafi.

Nikamwambia, "Baba," maana huku bosi huitwa baba, "umemuuliza mwenyewe. Marehemu babangu ndiye aliyeziba pancha za malori yote ya barabara ya Mombasa." Hayo "yote" niliongeza kidogo.

Akacheka. "Basi chagua. Ukichagua vizuri, tukifika Jeddah nakupa alasiri nzima ukamwone dada yako."

Nikampigia Mejumaa palepale. Aliongea kwa kunong'ona, simu ameificha jikoni mwa lile jumba anakofanya kazi, Al-Hamra ya Jeddah. "Sule, njoo kweli. Madam anahama mji, na huko ninakopelekwa sikujui. Ijumaa hiyo mnayofika ndiyo tunaondoka, wakati wa magharibi. Na simu amesema ataiweka yeye."

"Wewe nipikie viazi karai," nikamwambia. "Breki nitaikanyaga mara moja tu, mlangoni kwako."

Muuza tairi, Myemeni mmoja mwenye tumbo, alinitolea kwanza za kiangazi. "Ya sadiki, chukua hizi, halas." Yaani rafiki, chukua yaishe. Nikauminya mpira kwa ukucha kama marehemu Baba alivyotufunza. Mgumu kama kwato. Mpira wa hivyo kwenye baridi huwa jiwe, haushiki kitu. Akatoa za theluji tupu, laini kama ubani wa kutafuna. Hizo zingefika Jeddah zikiwa uji.

"Wewe wanunua tairi au waposa?" akaniuliza.

"Naposa. Na bibi arusi hujamtoa ndani bado."

Ndipo akaleta za kati. Ubavuni zina mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, maana yake zimejaribiwa huko, na herufi A ya kuhimili joto. Meno yake yamechanjwa mikato myembamba ya kung'ata barafu, na katikati pana mifereji ya kutoa maji ya mvua. Nikasoma tarehe ya kutengenezwa, nikakuta ni mpya. "Leta nne," nikasema.

"Na ya spea?" Abu Fahad, aliyenifuata dukani, akauliza, maana iliyokuwepo ilikuwa kipara kama wenzake.

Nikajipiga kifua. "Baba, hizi hazipasuki. Spea ni ya madereva waoga."

Mama, mlimani ungeniona! Huku watu wakiingia mchangani hupunguza upepo wa tairi, ili zitandazike zisizame, na wakirudi kwenye lami hujaza tena. Hiyo ndiyo kazi yangu kila tukienda jangwani. Kwenye theluji Abu Fahad akaniambia nifanye vilevile, nikafanya. Magari ya watu yanateleza kama sabuni bafuni, letu linapanda kama mbuzi wa Bi Mwanahawa. Watoto wanapiga makofi. Watu wanashuka magarini kuuliza, "Nani kachagua tairi hizi?" Wakati wa kuondoka nikatoa pampu, nikajaza moja, mbili, tatu, huku nawahutubia kama mbunge. "Yalla, Suleiman!" Tukashuka.

Tulilala njiani. Kesho yake ndiyo Ijumaa yenyewe. Jeddah ikiwa imeshakaribia, tairi ya nyuma ikapasuka. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Abu Fahad akaipiga teke. "Yule Myemeni kaniuzia takataka!" Mimi kimya. Mimi, Mama, kimya.

Tukafunga ile spea kipara, tukaenda mwendo wa kusindikiza jeneza. Jua lilikuwa kuliani kwangu, naliona linashuka, na mafuta siwezi kuyakanyaga.

Nilifika Al-Hamra adhana ya isha ikiadhiniwa. Geti limefungwa, madirisha yote giza. Mlinzi, mzee wa Kisudani, akaniangalia. "Wewe ndiye ndugu yake wa Kenya?"

"Ndimi."

"Alikaa pale." Akanionyesha kizingiti. "Tangu alasiri. Kila gari likipunguza mwendo, anasimama. Nikamwambia, binti, kaa, utachoka. Akasema, ndugu yangu ndiye dereva hodari kuliko wote Saudia, hachelewi."

"Wamekwenda wapi?"

"Wallahi sijui, mwanangu."

Akanipa mfuko. Ndani mna gauni la Rukia, hilo analokuletea Mzee Bakari, na viazi. Kwenye simu nilikwambia gauni amenipa mkononi, akicheka, mzima. Hakunipa mkononi, Mama. Sikumwona. Viazi nilivila vyote pale kizingitini, vimeshapoa, chumvi imezidi kama kawaida yake. Simu yake haiingii mpaka leo. Abu Fahad amemwomba mamake awaulizie majirani wa Al-Hamra, na mimi kila asubuhi namkumbusha mpaka ananikimbia.

Nisalimie Bi Mwanahawa jirani yetu na mbuzi zake, na Mjomba Kombo aliyenifunza kushika usukani. Rukia mwambie gauni amelichagua mamake mwenyewe, na akiuliza mamake yuko wapi, mwambie Mjomba Sule anamtafuta.

Myemeni wa watu bado analaaniwa humu nyumbani, na mimi bado nimenyamaza. Tairi hazikuwa na kosa. Hata leo ningechagua zilezile. Ile ya nne, kule mlimani, sikuirudishia upepo.

Mwanao,
Suleiman