Kimea Nilichokiunguza

Shikamoo Mama,

Nimeanza barua hii mara tatu nikainuka, mara kumfunga mbuzi, mara kuchungulia jikoni pasipo na kitu cha kuchungulia. Unanijua, kiti na mimi hatuelewani. Hapa Newala siku hizi maduka yamejaa, kila mtu mfanyabiashara, na mimi bado nauza mitumba Masasi.

Jana mjukuu wako Somoe alikuwa akijisomea baiolojia kwa sauti. Akaniambia ndani ya seli za kila kiumbe kuna vimeng'enya, vinakata na kuunganisha vitu kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na bila hivyo uhai ungesimama. Mbegu ikichipua, vimeng'enya hivyo huzidi kufanya kazi. Ndiyo maana kimea cha mtama hulainisha uji mzito. Ila ukikitia kwenye uji unaochemka, joto linaviharibu na havifanyi kazi tena.

Aliyasema hayo huku anatafuna muhogo. Mimi nikaukumbuka uji wako.

Asubuhi ile ya mwisho, Mama, koo lako lilikuwa linapitisha uji mwepesi tu. Na ulishanifundisha tangu nikiwa msichana: epua, subiri kidole kivumilie, ndipo utie kimea. "Kina uhai hicho, mwanangu, usikiunguze." Lakini gari la Masasi lilikuwa linapiga honi, mzigo wangu uko barabarani. Nikatia kimea uji ukiwa bado unatokota. Ukabaki mzito. Nikauweka kando ya kitanda chako, nikakimbia. Ulisema, "Nenda, nitakunywa." Niliporudi bakuli lilikuwa limejaa vilevile, nawe umeshatutoka.

Watu wanasema siku zako zilikuwa zimefika. Labda. Mimi najua ulikufa na njaa.

Sasa Mama Mdogo naye anaumwa, nimemchukua kutoka Makote, yuko hapa kwangu. Leo nilikaa mbele ya sufuria, miguu inanicheza, nikasubiri. Nikatia kimea, nikakoroga. Dakika chache tu, Mama, uji ukalegea, ukawa unatiririka kwenye kijiko. Kusubiri kwenyewe hakukufika hata muda wa kufunga mzigo. Amekunywa wote, akaomba tena. Nikatoka uani nikalia.

Gari likipiga honi na liondoke. Nakuahidi nitakaa naye kila siku mpaka bakuli liishe.

Wewe pumzika, Mama. Mimi bado sijaweza.

Mwanao,
Mama Somoe