Sashe Juu ya Filtre

Beni, Ruwenzori, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Papa mupendwa,
Pokea salamu zetu. Kikohozi kimetulia? Ariel ameota jino, anauma kila mutu.
Najua ulikasirika nilipokuomba usimubebe mujukuu wako ukitoka ateliye yako ya batri. Vumbi la plomb, ile risasi ya ndani ya batri, linashika nguo, na mutoto muchanga ndiye linamuumiza zaidi. Ulisema mashine yangu ya kupima vumbi ikikukuta musafi utakuja kumubeba. Nimekubali. Dereva Lukumani anakuletea hiyo mashine, pompi ndogo ya kuvuta hewa ninayowavalisha mafundi wa huku. Ifunge kwenye mukanda, filtre, kile kitambaa cha kushika vumbi, ikae kwenye kola, karibu na pua. Ivae siku nzima ukiyeyusha batri, kisha umurudishie Lukumani. Uichunge, ni ya bureau ninapofanya kazi.
Mutoto wako, Joyeuse

Butembo, tarehe 11 mwezi wa pili

Mama Ariel,
Niko muzima, kikohozi kinakuja na kwenda. Mashine niliivaa tangu asubuhi. Syauswa, mwenzangu wa ateliye, aliniuliza kama nimekuwa polisi wa barabarani. Nilipomuambia ni ya binti yangu, aliogopa hata kuigusa.
Jibu upesi. Kanisani wenzangu wanabeba wajukuu, mikono yangu inakosa kazi.
Papa yako

Beni, tarehe 20 mwezi wa tatu

Papa,
Natumaini unalala vizuri. Maabara imejibu: filtre haina kitu. Ningepaswa kufurahi. Mais hata fundi anayechomelea nje, filtre yake hairudi nyeupe hivi. Uliivaa namna gani? Niambie tu, sitakasirika.
Joyeuse wako

Butembo, tarehe 27 mwezi wa tatu

Joyeuse,
Huku salama. Niliivaa kwenye kola kama ulivyoandika. Nilifunika tu kile kichwa cha filtre na sashe ya plastiki, nikakaza na kamba, kama tunavyofunika redio. Moshi wetu unaharibu kila kitu. Sikutaka bureau wakuambie papa yako ameichafua.
Papa yako

Beni, tarehe 30 mwezi wa tatu

Papa wangu,
Nilicheka, kisha nikalia. Kuchafuka ndiyo kazi yake. Lukumani anakuletea pompi tena, na filtre mupya. Usiifunike.
Joyeuse

Butembo, tarehe 9 mwezi wa nne

Mama Ariel,
Habari ya jino? Mimi nakohoa bado.
Sikungoja maabara. Jioni niliangalia filtre: nyeusi kama chini ya sufuria. Na hiyo ni siku moja. Sashe nilikuwa nayo mufukoni, sitakuficha. Kutwa nzima mukono ulikuwa unaitafuta, maana nilitaka sana ibaki nyeupe nije kumubeba Ariel. Nikafikiri juu ya hilo jino, litakavyouma hata nguo yangu.
Donc siji Jumamosi kama nilivyopanga. Naacha ateliye; nimemuambia Syauswa atafute mwenzake mwingine, na yeye mwenyewe avae mashine yako. Damu yangu ipimwe plomb kwanza, kisha uniambie wewe siku ya kuja.
Lukumani anakuletea shati langu la kanisa. Halijaingia ateliye hata siku moja. Shangazi yako Florentine amelifua kwake, wewe lifue tena. Mulaze Ariel juu yake, anizoee.
Babu yake