Baba, Kiingereza Ndicho Kilichoondoka Kwanza

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo mara ya mwisho tulipoonana ulikuwa huielewi tena. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu huenda mtu aliye karibu na wewe akaisoma, na mimi sijui mtu huyo ni nani wala yuko wapi.

Nianze na nyuma ya nyumba yetu pale Kanazi, Jumapili baada ya misa, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye mikeka na mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wiki nzima ulikuwa unafundisha watoto wa wenzio Kiingereza, lakini Jumapili ilikuwa zamu yangu. Hukunipa orodha ya maneno nikariri kama walivyofanya walimu wengine. Ulikuwa na kitabu cha hadithi fupi kisicho na jalada. Ulisema, "Neno la kukariri halikai. Ukikutana nalo kwenye hadithi, kuna mtu analia au anakimbia, hilo hutalisahau."

Kulikuwa na hadithi ya mlinzi wa daraja. Aliona mto unajaa, akaenda kijijini kuwaonya watu, wakamkaribisha chakula. Ulinifanya nisome sentensi moja mara nyingi: "The river was rising when they sat down to eat."

"Mto umefika kijijini?" ukauliza.

"Bado, baba."

"Umetulia?"

"Hapana. Unapanda."

"Basi hiyo ndiyo kazi ya 'was rising'. Jambo limeshaanza, halijaisha, na wao wanakula."

Mchana huo niliyaacha maharage yangu kwenye sahani. Hadi leo nikifundisha wakati uliopita wa kuendelea, huwa nasikia maji kwa mbali. Na tofauti ya "will" na "going to" niliielewa kwako kabla ya kuikuta darasani. Ulisema "will" ni ya mtu anayekisia, "going to" ni ya mtu aliyekwisha kuona wingu.

Nilipopangiwa kazi Biharamulo, kufundisha somo lako katika sekondari, ulinisindikiza hadi kwenye basi ukiwa umevaa koti la sherehe. Mama alicheka njia nzima. Nilipompata mwanangu Neema nikawa namleta kwenu kila likizo, na wewe ukamkalisha kwenye ndoo ile ile.

Ilikuwa hapo, mbele ya mtoto, ndipo wingu lilipojitokeza. Ulikuwa unamsomea ile ya mlinzi wa daraja, ukafika kwenye neno "bridge", ukanyamaza. Ukaligusa kwa kidole. Ukamwambia, "Hiki... hiki wanachopita juu ya maji." Neema akakutajia, ukacheka, nasi tukacheka. Mama akasema, "Uzee huo. Mwacheni apumzike." Lakini nilikuwa nimeuona uso wako kabla hujacheka. Ulikuwa umeogopa.

Likizo iliyofuata ulisoma kwamba mtu fulani "knocked", akabisha hodi. Ukafunga kitabu, ukainuka, ukaenda kufungua mlango. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, uani hakuna mtu. Ulisimama pale mlangoni muda mrefu ukitazama njia. Ukaniuliza, "Amekwenda wapi?" Sikujua nikujibu kwa wakati gani wa kitenzi.

Kisha Kiingereza kikaisha. Kiliondoka nomino kwa nomino, halafu vitenzi, na mwisho zikabaki salamu ulizokuwa ukifundisha darasa la tatu, nazo zikaenda. Daktari alituambia ni ugonjwa wa ubongo, kwamba hauponi, na kwamba kwa baadhi ya watu lugha waliyojifunza mwisho ndiyo hutangulia kupotea. Majirani walisema umerogwa na mtu anayetaka shamba. Baba mdogo akataka kukupeleka kwa mganga, Mama akakataa, wakakosana. Mimi nilikuwa nafikiria maneno ya daktari tu. Kama ya mwisho hutangulia, basi nilijua zamu inayofuata ni ya nani.

Kiswahili ulijifunza shule, kama sisi sote. Asubuhi moja Neema alikukimbilia, "Babu, shikamoo!" Ukamtazama, ukamgeukia Mama, ukamuuliza kwa Kihangaza, lugha yetu ya kwanza, mtoto huyu anasema nini. Neema alikuwa hajui Kihangaza. Tulikuwa tumemlea Biharamulo, kwa Kiswahili cha nyumbani na Kiingereza cha shule. Mkakaa mezani pamoja, babu na mjukuu, hamna neno hata moja la kupeana.

Baada ya hapo Mama akawa ananipigia simu kila jioni. "Leo ameuliza njia ya kwa mama yake." Bibi alikwisha kufa mimi sijazaliwa. Kwao bibi alikozaliwa ni ng'ambo ya mpaka, upande wa Burundi. "Leo amevaa kofia, anasema wanamsubiri." Nilimwambia afunge geti. Akasema, "Mwanangu, geti la miti hilo. Linamzuia mbuzi tu."

Siku yenyewe Mama alikuwa anaanika maharage, nawe umekaa kivulini. Aliingia ndani kuchukua ungo. Alipotoka kiti kilikuwa kitupu.

Tulikutafuta migombani, kanisani, mtoni. Padre alitangaza. Nilifika kesho yake kwa basi la kwanza, na tayari alikuwa amepatikana kijana wa pikipiki aliyekubeba. Alisema ulimwonyesha njia kwa mkono, na yeye hakuona ubaya kumpa mzee msaada. Alikushusha Kabanga, mpakani.

Pale mpakani nilizunguka na picha yako. Mbadilisha fedha mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliitazama akasema, "Huyu mzee nilimpa kiti changu."

"Alisema anakwenda wapi?"

"Dada, nilimsalimia kwa Kiswahili, akanitazama tu. Akaongea kama watu wa kule. Kihangaza na Kirundi ukivisikia kwa haraka utavitofautishaje? Kitambulisho hana. Tukajua ni mzee wa ng'ambo amepotea. Kulikuwa na akina mama wanarudi kwao na mizigo, wakasema, twende naye, tumfikishe nyumbani."

Ndivyo ulivyovushwa, baba. Hukutekwa, hukusukumwa na mtu. Walikushika mkono watu wenye huruma, wakiamini wanakurudisha kwenu, na kila hatua waliyokusaidia ilikuweka mbali nasi.

Wale akina mama tuliwapata. Mmoja alilia alipojua. Alisema mlitembea vizuri, ulikuwa unazungumza, mlipofika kwenye soko dogo juu ya kilima uliomba maji, "amazi", akakupa, ukamshukuru kwa adabu. Wakageuka kupanga mizigo. Walipokuangalia tena ulikuwa umeshashuka upande wa pili, kofia yako inaonekana kati ya migomba. Walidhani umepatambua kwenu.

Kuanzia hapo hakuna aliyekuona.

Mimi na Baba mdogo tumevuka mara nyingi. Tumeacha picha kwenye maparokia, kwenye zahanati, kwenye masoko. Safari moja tulipigiwa simu kwamba kuna mzee asiyejua jina lake analala kwenye zahanati. Nilikimbia kama mtoto. Hakuwa wewe. Aliushika mkono wangu, akaniita jina la mwanamke nisiyemjua, na hakuniachia hadi tulipoondoka. Nami nikamwitikia. Nilijisemea kwamba huenda mahali fulani kuna binti wa watu anakuitikia wewe.

Mama yupo. Amepatana na Baba mdogo, maana hakuna tena cha kugombania. Watu wameanza kutushauri tufanye misa ya marehemu, tumalize. Mama anawajibu kwamba hatamzika mtu kwa kukisia.

Kuna jambo sijamwambia Mama, nakuambia wewe. Muhula uliopita nilikuwa kidato cha pili, tunasoma hadithi, na mwanafunzi akaniuliza Kiingereza cha kizingiti. Neno ninalifahamu tangu utoto. Nilifungua mdomo na halikuwepo. Halikuwa limechelewa tu, baba. Mahali pake palikuwa patupu. Darasa zima lilinitazama. Msichana wa dawati la mbele akalitaja taratibu, "threshold", nami nikageukia ubao nikaliandika, na chaki ikakatika.

Nimejiambia ni uchovu. Kila mwalimu husahau. Lakini tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, najipima kimya kimya Kiingereza cha vitu: mlango, dirisha, shuka, kikombe. Nayapata. Juzi "kikombe" kilikawia kidogo.

Popote ulipo, kama unapumua, wakubali wanaokushika mkono. Kula wanachokupa. Na wewe unayesoma haya karibu yake, usimuulize kwa Kiswahili, hatakujibu, na kunyamaza kwake si kiburi. Msemeshe Kihangaza au Kirundi, polepole, mwambie Kanazi wanamtafuta. Kama umelala ardhini tayari, baba, basi naomba waliokuzika walikusalia kwa lugha uliyoielewa.

Likizo hii sikumletea Neema kitabu cha Kiingereza. Nimemkalisha na bibi yake uani, na kila siku wanaongea Kihangaza tangu asubuhi: jina la jiwe, la moto, la mama, la njaa, la maumivu. Anakosea, Mama anamrekebisha, anarudia. Jana aliniuliza kwa nini ghafla tuna haraka hivi na lugha ya wazee. Sikumdanganya. Nilimwambia kwamba siku nikibaki na hiyo peke yake, nataka ndani ya nyumba awepo mtu wa kunijibu.

Kwa heri ya leo, baba. Mlango wa kwetu haufungwi kwa ndani.

Ni mimi, bintiyo wa Kanazi.