Moto wa Ribeira Fria

Ribeira Fria, Ureno
Jumamosi, 30 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za mkweo Wade. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia mwezi uliopita kwamba fimbo umeitupa nyuma ya mlango na kwamba jirani alikuona juu ya ngazi unasafisha mifereji ya paa, wakati daktari hajakuruhusu hata kushuka barazani peke yako. Baba, tafadhali. Umekwea miti ya kutosha maisha yako yote. Sasa kaa chini. Na ndugu yangu Dorie je, na kichanga chake? Picha ya mtoto nimeibandika kwenye kabati la vyombo, na kila anayeingia jikoni anasema ana paji la uso lako, maskini.

Sisi huku ni wazima wa mwili.

Najua utaigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza nani siku hizi anaandika kwa mkono. Jumapili mbili sijapokea simu yenu, nikamwambia Mama mtandao umeharibika. Haukuharibika. Nilichoogopa ni kukusikia ukinyamaza upande wa pili wa simu, kama ulivyokuwa ukinyamaza ukirudi kutoka kuzima moto msituni nasi tukijua kuna nyumba haikuokolewa. Kwa hiyo nakuandikia, nawe usome taratibu, na ukasirike nikiwa mbali.

Huenda habari za moto ulizisikia huko Oregon. Magazeti ya kwenu huwa yanaitaja Ureno yote kama shamba moja, hivyo hukuweza kujua kwamba ni kwetu. Ni kwetu, Baba. Ulikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa saba na nusu mchana. Joto lilikuwa nyuzi arobaini na moja na upepo ulitoka mashariki, ule mkavu unaokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Moto ulianza karibu na ukuta wa mawe unaotenganisha shamba letu na la Bibi Deolinda. Wade hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda mjini, kwa sababu baada ya miezi kumi na minne ya kusubiri tulikuwa tumepangiwa siku ya kushughulikia vibali vyetu vya ukaazi. Mimi siku yangu ilikuwa wiki iliyofuata. Aliyepiga simu ya zimamoto ni mimi.

Wewe huhitaji kuelezwa mikalitusi inavyowaka. Kufumba na kufumbua kilima chote kilikuwa kinanguruma. Nilimkuta Bibi Deolinda uani kwake, mwanamke wa miaka sabini na minane, anamwagia mlango wake maji kwa ndoo huku akiutukana moto kama anayemtukana mwizi. Nilimvuta mkono, akanivuta upande wa pili. Akasema, “Niache, mwanangu, nyuki wangu wako kule!” Ilibidi nimbebe. Nyuki hawakupona. Mizinga thelathini na minne, aliyoachiwa na marehemu mumewe, iliungua yote, na mizeituni yake mingi, na banda la mbuzi, ingawa mbuzi wenyewe walikuwa malishoni. Nyumba yake ilibaki. Yetu pia ilibaki, paa halikupata hata alama, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Hakufa mtu. Lakini Armindo, yule mwokaji niliyewasimulia, anayeleta mikate kwa gari na kupiga honi kila asubuhi mpaka mbwa wanaimba, ni zimamoto wa kujitolea. Upepo uligeuka akiwa ameshika mpira wa maji. Aliungua mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Yuko hospitali Coimbra, na madaktari wanasema vidole vya mkono wa kulia bado hawana hakika navyo. Tangu siku ile asubuhi hapa hakuna honi. Watu wanatoka milangoni saa mbili, wanatazama barabara, wanarudi ndani.

Sasa sikiliza jinsi nilivyoishi siku zile. Kila mtu alinishukuru. Mwenye mkahawa alikataa kupokea hela ya kahawa, akasema mbele ya wateja wote kwamba kama Mmarekani huyu asingepiga simu haraka, leo tungekuwa tunazika. Bibi Deolinda alinikumbatia kanisani. Tangu tuhamie hapa miaka mitatu iliyopita sisi tulikuwa “wale wageni wa nyumba ya chini”, watu wa kusalimiwa na kuchekwa kidogo kwa kupanda nyanya Machi, baridi haijaisha. Wiki ile tukawa wenyeji. Nilikuwa nimeililia heshima ile miaka mitatu, na ilipokuja ilinikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Polisi walichunguza, wakasema moto umeanzia ukutani na umesababishwa na mtu. Kijiji kizima kikageuza shingo upande mmoja. Yuko hapa mchunga mbuzi anaitwa Zeferino, mtu wa miaka hamsini na kitu, mlevi wa mara kwa mara, mkali wa maneno. Miaka tisa iliyopita alichoma mabua yake, moto ukamshinda, ukala ghala la kanisa. Na msimu wa baridi aligombana na Bibi Deolinda juu ya njia ya mbuzi, akamwambia mbele za watu kwamba nyuki wake angewaona wakiruka na moshi. Njia yake ya kila siku inapita kwenye ukuta ule ule. Jumamosi wakaja wakamchukua. Alipopitishwa mbele ya mkahawa, mama mmoja alimtemea mate, na mwingine akapiga kelele, “Muulizeni Armindo atakanda unga kwa miguu?” Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na mkononi nina kikombe cha kahawa ya bure. Jumatatu hakimu akaamuru abaki ndani.

Na mimi na Wade tukaacha kuongea. Yaani tuliongea, lakini habari za chumvi na za funguo. Mkweo si mtu mbaya, Baba, usimhukumu kwa nitakayokuambia. Ni mtu aliyeacha kazi, akauza gari la baba yake, akajifunza Kireno kwa kusoma mabango ya barabarani, ili tu siku moja aseme hapa ni kwake.

Nimezunguka vya kutosha. Aliyeuwasha moto ule ni mimi.

Zeferino hakuhusika hata kidogo. Mimi binti yako, niliyekua nikiketi magotini pako ukinionyesha kwenye ramani moto ulikoanzia na jinsi mjinga mmoja alivyouanzisha. Wakaguzi walikuwa wametupa onyo kwamba nyasi kuzunguka nyumba hatujazifyeka inavyotakiwa. Asubuhi ile tulipata ujumbe kwenye simu: siku ya hatari kubwa, marufuku kuwasha mashine yoyote shambani. Bibi Deolinda naye alinipigia kelele ng'ambo ya ukuta, akilitamka jina langu kwa namna yake, “Norina, leo usiguse hata kiberiti, umesikia?” Nikamwambia nimesikia. Saa saba nikajiambia imebaki kona moja tu, nusu saa haitamdhuru mtu, Wade akirudi akute kazi imekwisha. Nikawasha mashine ya kufyekea, yenye kisu cha chuma. Kisu kikagonga jiwe. Niliiona cheche, Baba. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya chungwa, ikaingia kwenye nyasi kana kwamba inajificha. Nilikanyaga kwa buti, nikadhani imezima. Nilipotoka kuleta ndoo na kurudi, moto ulikuwa umesharuka ukuta.

Hilo lingeweza kuitwa ajali, ingawa wewe hukuwahi kukubali neno hilo. Lililofuata halina jina jingine. Mtu wa simu ya zimamoto aliniuliza umeanzia wapi, nikasema, “Sijui, kwa jirani.” Nilikuwa na hofu, lakini akili yangu ilikuwa timamu. Nililisema, nikalisikia linatoka, na sikulirudisha.

Wade aliligundua Jumapili. Aliingia stoo akaikuta mashine, kisu kimepata pengo na masizi yamefika mpaka kwenye mpini. Akaja jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani mwingine anajua. Hakuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia hakuna. Akatoka, akafungua kile kisu, akakisugua, akakitupa kisimani, na mahali pake akafunga kamba ya plastiki, isiyoweza kutoa cheche. Akaniambia, “Tukinyamaza itapita. Yule mzee atatoka tu, hawana ushahidi. Sisi tukisema, vibali vimekwenda, nyumba imekwenda, na wewe unakwenda jela katika nchi ambayo hata neno wakili unalitamka vibaya.” Nami nilimwachia. Siku kumi na moja nilimwachia, tena nilijificha nyuma yake, nikijiambia kwamba ni yeye anayenizuia.

Jumatano iliyopita nilimsikia Bibi Deolinda akifagia majivu. Hakuna kilichokuwa kimebaki cha kufagia, ila alikuwa anazunguka mahali palipokuwa na mizinga, anafagia, anasimama, anasikiliza. Nikavaa viatu. Wade alijua kabla sijafungua mdomo. Akasimama langoni akasema, “Noreen, ukipita hapa umetufukuza wote wawili.” Nikamwambia Zeferino amekwisha kufukuzwa. Nikapita.

Nilimwambia Bibi Deolinda nikiwa nimesimama, kwa Kireno changu hicho hicho. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuegemeza ufagio ukutani, akasema, “Kumbe nilimkumbatia nani kanisani?” Akasema, “Kukusamehe leo siwezi. Na kesho usiniulize.” Akaingia ndani. Nikadhani ndiyo basi, nikaanza kwenda kituoni peke yangu, lakini nikasikia nyuma yangu mlango na ufunguo. Alikuwa amevaa kitambaa chake cheusi cha kanisani na mkoba mkononi. Akasema, “Twende. Wewe ukienda peke yako na hicho Kireno chako utakiri hata kuua watu. Sema lako moja tu, na mimi niwepo nilisikie likiandikwa.” Tukatembea kilomita nne, Baba. Akichoka anasimama, nami nasimama hatua mbili nyuma yake. Mkono wangu hakuutaka.

Polisi waliandika kwa saa tatu. Tulipokuwa katikati, Wade akaingia. Alikuwa amelowa mpaka kifuani. Aliweka mezani kile kisu, akasema yeye ndiye aliyekisugua na kukitupa, na jina lake liandikwe chini ya langu. Ndipo nilipolia.

Mambo yamefika hapa: sijafungwa. Wamechukua hati yangu ya kusafiria, naripoti kituoni kila Jumatatu, na kesi itasikilizwa mwakani. Wakili niliyepewa ni binti mdogo mwenye akili. Anasema kukiri kutasaidia, lakini ule uongo wa simuni utaniumiza. Vibali vimesimamishwa. Mkahawani naruhusiwa kuingia, ila maongezi hukatika hadi nitoke. Sheria ya huku nitaibeba. Usinitumie wakili wa huko, na usiuze kitu. Armindo nilimwandikia, mkewe aliirudisha barua haijafunguliwa. Nitaandika tena.

Bado moja, ambalo hata polisi sijawaambia. Zeferino aliachiwa juzi, na jana asubuhi alikuja langoni kwetu na mbuzi wake. Nilitoka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nimeyakariri kama mtoto wa shule. Akanikatiza. Akasema, “Nilikuona.” Alikuwa ng'ambo ya bonde mchana ule, chini ya msonobari, anakula. Aliniona nikiwasha mashine, aliuona moshi, aliniona nikikimbia na ndoo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanicheka, si kwa ubaya. “Ningesema Mmarekani mwenye adabu ndiye kachoma, si mimi Zeferino? Nani angenisikiliza? Nikakaa mle ndani nikasema, ngoja tuone huyu mama atachukua siku ngapi.”

Nikamwambia naomba anisamehe. Akawapigia mbuzi mluzi, akaanza kuondoka, kisha akageuka.

“Kumi na mbili,” akasema. “Mimi nilikuwa nimekukadiria tatu.”

Baba, msomee Mama barua hii wewe mwenyewe, mkiwa mmekaa, na Dorie mwambie mkishapata usingizi. Wade anawasalimu, sasa hivi yuko ng'ambo ya ukuta, anamjengea Bibi Deolinda banda la mbuzi, na yeye amekaa kwenye kiti anamkosoa kila msumari. Kesho ni Jumapili. Nitakaa karibu na simu kutwa nzima. Ukinyamaza nitakusikiliza hivyo hivyo, ila piga.

Nakuaga kwa heshima na mapenzi,

Binti yako,
Noreen