Bwana Shee Ametaka Nichague

Jumatano, Kizingitini. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri, na mawingu bado yamekaa. Moyo wangu nao haujafunguka.

Leo tumerudi kwa Bwana Shee. Nayaandika haya kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nitalia.

Sisi ni wanawake wa pweza. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali na miamba ikabaki wazi, tunakwenda kwa miguu na vyuma vyetu kuwatoa pweza mashimoni. Bwana Shee ni mtu wa Langoni, Lamu, na hapa kwetu ndiye pekee mwenye barafu na boti ya kupeleka pweza hotelini. Hatuna mnunuzi mwingine.

Tulichotaka hakikuwa kikubwa. Mpimaji wake huingia na pweza wetu ndani ya stoo, akafunga mlango, kisha akatoka na jibu. Tulitaka mizani itolewe nje, tuione. Bamvua iliyopita tukakubaliana kwamba hauzi mtu mpaka itolewe. Nikachaguliwa mimi kusema, kwa kuwa nimefika kidato cha nne, na kwa kuwa nimeachika, sina mume wa kunikataza.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa, akasema, "Haya." Asubuhi yake boti ikapakia barafu ikaondoka.

Hakugombana na mtu.

Tukawaanika pweza kwenye kamba, kama walivyofanya bibi zetu. Jua lilikuwa kali na tulikuwa tukicheka. Bi Esha, shangazi yangu, aliyenifundisha mwamba nikiwa mdogo, alisema hajapata kuona wanawake wa mtaa huu wakiwa na neno moja. Kisha mvua ikaja. Tukawaingiza ndani, vyumba vikanuka, pweza wakaanza utelezi, halafu funza. Tulikwenda kuwatupa baharini.

Bamvua nyingine ikakaribia na majumbani hamna kitu. Tukakubaliana turudi. Mimi pia nilikubali.

Leo Bwana Shee ametupokea vizuri barazani kwake. Amemuuliza Bi Esha hali ya wajukuu. Kisha akasema yambo letu amelifikiri, na mizani itatoka nje, hana taabu.

Tukatazamana. Kwa muda mfupi sana nilidhani tumeshinda.

Akaendelea kwa sauti ileile ya upole. Wateja wake walipomkosa pweza wetu walipata pa kununua kwingine, kwa hiyo hawezi tena kuchukua kwetu sote. Atachukua kwa nusu yetu. Akanigeukia.

"Wewe ndiwe msemaji wao, na waijua nyumba ya kila mmoja. Niambie nani abaki."

Nikasema siwezi kuchagua.

"Basi ndia ni hiyo, mwanangu. Usipochagua, hapana atakayeuza."

Akangoja. Wenzangu hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi. Zena, rafiki yangu, akasema polepole kwamba ana pacha wanaonyonya. Mwingine akasema mumewe hajainuka kitandani tangu mfungo. Mmoja baada ya mwingine wakanieleza shida zao ambazo nazijua, kama kwamba barafu ni yangu.

Bi Esha akasimama. Akasema magoti yake yamechoka, aanze kutolewa yeye. Si kweli. Bamvua iliyopita alitutangulia sote mwambani.

Nikasema nami nitolewe. Bwana Shee akatikisa kichwa.

"Wewe nakutaka. Utasimama kwenye mizani, uwapimie wenzako. Si mlitaka kuona?"

Sikukubali. Sikukataa pia. Nikaanza kutaja majina ya wa kutolewa, na kila nilipotaja, mwenye jina aliinuka akajifunga buibui lake vizuri akaondoka. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Alichotufanyia nakiona wazi, na kukiona hakunisaidii kitu. Tulikwenda kwake tukiwa kitu kimoja, akatupa kile kile tulichoomba, na sasa hatuwezi kutazamana. Hata tukitaka kugoma tena, nani atanifuata mimi?

Baada ya Asri nikaenda kwa Bi Esha kumwomba radhi. Nilimkuta uani na Zena, akimjaribishia viatu vyake vya mwambani, maana vya Zena vimetoboka. Vilimwenea. Bi Esha aliponiona akanikaribisha, akasema niketi, chai iko tayari. Zena akavua viatu akavificha chini ya kanga yake, asinitazame.

Sikuketi. Nilisema nimeacha chungu motoni, nikarudi nyumbani, na motoni hakukuwa na kitu.

Kesho mpimaji atanifundisha mizani kule stoo. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba sijui kama nitakwenda.

Nimefuta. Nitakwenda.