Kapu la Kidoti

Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji naye, mgongo wake unaendeleaje? Tulisikia ameanza kuinuka bila kushikwa mkono, tukafurahi mno. Huku sote wazima. Baba Pacha anakohoa kidogo ila hataki kuambiwa, na pacha wenyewe wameng'oka meno ya mbele wote wawili, wakicheka utadhani vikongwe.

Dada, kuna jambo limenikaa rohoni na humu ndani sina wa kumwambia, maana linamhusu wifi yangu Kidoti, na mume wangu ndiye kaka yake.

Unaijua ile kazi yangu ya kujitolea nikitoka ofisini, ile programu inayowasomea wasioona maandishi ya kwenye kompyuta. Ni programu huria: haiuzwi, na yeyote anaweza kuifungua akairekebisha. Mimi ndiye ninayehangaika isikwame, na ni mimi niliyemwingiza Kidoti. Yeye anachora nembo na mapambo. Mapambo, Dada, kwa watu wasioona!

Mwaka huu shirika la hisani linalotulea liliachwa na wafadhili, likaamua kuchangisha umma mtandaoni. Kila mmoja wetu akafunguliwa ukurasa wake, aweke video fupi, na atakayeguswa amchangie amtakaye. Mimi nilikaa mbele ya kamera nimekakamaa kama napigwa picha ya kitambulisho, nikaeleza makosa niliyoyarekebisha, moja baada ya jingine. Kidoti akajifunga kitambaa chake cha manjano, akatabasamu mpaka vishimo vya mashavuni vikaonekana, akasema, "Jamani, tushikeni mkono, kazi hii tunaipenda." Basi! Michango ikamiminika. Kwangu alichanga mtu mmoja, tena ni wewe.

Usinione mbaya. Lakini kila simu yake ilipolia tukiwa mezani kuleta habari ya mchango mpya, nilisukuma sahani kando. Akawanunulia pacha viatu, nikasema vinawabana. Havikuwabana.

Ndipo nikamwandikia katibu wa shirika. Nikasema watu wanachangia sura badala ya kazi. Kuwe na kapu moja, kila mtu agawiwe kwa kazi aliyoifanya. Hoja ilikuwa ya haki, na naitetea hadi leo. Ila nilipokuwa naiandika sikuwaza haki hata kidogo. Niliwaza kile kitambaa.

Katibu akaitisha kikao mtandaoni. Mimi na Kidoti tukakaa kochi moja, kompyuta mapajani mwangu. Wote wakalikubali kapu, ila mhasibu akasema waliokwisha kupokea michango hawawezi kulazimishwa kuirudisha. Nilimtazama wifi kwa pembe ya jicho, nikingoja aumbuke.

"Yangu yote iingie kapuni," akasema. "Wifi ndiye anayeifanya programu isome. Mimi nachora tu."

Lo, makofi yake! Katibu akasema huo ndio moyo wa programu huria. Mama mmoja asiyeona, mtumiaji wetu wa siku nyingi, akaomba aisikie tena sauti ya huyo binti. Hoja yangu mwenyewe ikageuka yake, na sasa shirika zima linaliita Kapu la Kidoti.

Mgawo wangu ukatoka mkubwa kuliko wake. Nimepata nilichokitaka, Dada, na wivu umezidi. Zamani nilimwonea wivu kwa michango. Sasa namwonea kwa roho aliyo nayo, na roho haigawiwi na katibu.

Baada ya kikao alinifuata jikoni. "Wifi, umekasirika?"

"Nimechoka tu."

"Nilidhani utafurahi." Akachukua kitambaa cha jikoni, akaanza kunifutia vyombo.

Nilitaka kumwambia asante. Mdomo ukafunguka, nikamwambia ile sahani bado ina mafuta.

Kwa hiyo nakuomba, mwandikie wewe. Mwambie kuna mtu katika familia anamshukuru sana ila bado anajifunza kusema. Mtu huyo usimtaje jina. Na tafadhali, Dada, usimsifu kupita kiasi, maana barua zako huwa anatusomea kwa sauti.

Msalimie Shemeji, na mama mkwe wako, na yule binti yenu mshonaji. Mungu awalinde, awaongezee afya na utulivu wa moyo, na mimi anibakizie kidogo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila wivu wowote,

Mama Pacha