Mtoto Asizaliwe Hapa

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki ya wajawazito. Foleni hadi langoni, mashine ya presha moja, na betri zake zinakufa. Akinyi, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, miezi minane haijatimia. Presha juu mno. Miguu imevimba, mkojo una protini. Nimemwandikia rufaa aende hospitali kuu mjini leo hii. Akasema atamuuliza mamake kwanza. Anakaa kwa mamake hapa Nyamasaria. Mumewe anakata miwa Muhoroni.

Jumatano, 5 Machi
Hakwenda. Nimewafuata nyumbani saa ya chakula, jua kali, hasira tele. Mama Akinyi alinikaribisha vizuri, akaleta uji. Miezi bado, alisema. Nikaeleza presha, degedege, kifo. Akaitikia tu kwa kichwa. Nikaona maneno hayaingii, nikamtisha.
“Mama, huyu mtoto anaweza kutoka hata leo, hapa hapa kwa nyumba yako.”
Uso ukabadilika. “Hapa? Hapana, Sista. Hapa haiwezi.”
Akaanza kukunja nguo za Akinyi mbele yangu. Nimerudi kazini nikijipongeza. Miaka miwili hapa, nimeanza kuwajulia hawa watu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepiga simu wodini, hospitali kuu. Hakuna Akinyi. Simu yake, mteja hapatikani. Nimemuuliza Consolata, mhudumu wetu wa afya wa kijiji. Akaketi kabla ya kujibu.
Binti aliyeolewa hazalii kwa wazazi wake. Ni chira, laana ya kuvunja mila, na inafuata ukoo. Mama Akinyi amempeleka kwa mumewe Muhoroni jana asubuhi. Mbali na hospitali kuu, mbali nami.
Kila mtu hapa anajua jambo hilo. Mimi wa Nyeri sikujua. Sikuuliza. Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Consolata amepata namba ya mume. Kijana mpole. Akinyi anaumwa kichwa, anaona ukungu machoni. Nikapiga kelele: mpeleke hospitali sasa hivi! Akasema mvua imeharibu barabara, trekta za miwa zimekwama, pikipiki hazipiti. “Kesho, Sista. Kesho lazima.” Nimepigia watu wa ambulensi mara nne. Wanasema wamesikia.
Siwezi kula.

Jumapili, 9 Machi
Degedege ilimshika asubuhi, kwa nyumba ya mumewe. Mtoto alitoka amekufa. Wakampakia Akinyi kwenye trela ya miwa kumfikisha kwenye lami. Hakufika.
Kumi na tisa.

Jumanne, 11 Machi
Fomu ya kifo cha mzazi. Inauliza kama familia ilichelewa kuondoka nyumbani. Hawakuchelewa. Waliondoka mbio, na aliyewakimbiza ni mimi. Hakuna mahali pa kuandika hilo, nikaliandika pembeni kwa wino. Mkubwa wangu ameisoma, akaniambia niandike fomu nyingine, safi. Nimeandika.
Najichukia.

Jumatano, 12 Machi
Kazi. Watoto wawili wamezaliwa, wazima. Sikuhisi chochote.

Alhamisi, 20 Machi
Mama Akinyi amekuja zahanati, kichwa kimenyolewa. Nilitaka kujificha stoo. Amenishika mikono yote miwili.
“Asante, Sista. Wewe uliniambia mapema. Angezalia kwangu, ningeangalia watu na macho gani? Sasa amelala kwake, na mtoto wake kando yake.”
Consolata alikuwa mlangoni. Alitazama sakafu.
Nilikuwa na maneno tayari. Kwamba kwa presha ile Akinyi alipaswa kwenda mjini, kwamba hofu iliyowakimbiza Muhoroni niliitia mimi. Nikamtazama. Shukrani hiyo ndicho kitu pekee alichobaki nacho.
Nikasema, “Pole sana, mama.”
Nikamsindikiza hadi barabarani, nikangoja mpaka apate pikipiki.